Kompyuta Inayojifunza Mazoea ya Mtumiaji: Mashine Moja na Mikono Mingi katika Mtaa wa Nguba, Bukavu

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kiolesura cha kompyuta ya mezani kinavyoweza kujirekebisha kufuatana na mazoea ya mtu anayekitumia, na kwa nini jambo hilo, ambalo lilibuniwa kwa ajili ya mtu mmoja aliyeketi mbele ya mashine yake mwenyewe, huleta matatizo ya pekee mahali ambapo mashine moja hutumiwa na watu wengi. Kwa neno kiolesura tunamaanisha yale yote ambayo mtumiaji huyaona na kuyagusa: menyu, madirisha, vitufe, orodha za faili, kibodi na kipanya. Istilahi hizi zimekwisha kuzoeleka Dar es Salaam na Nairobi. Huko Bukavu watu wengi bado huvitaja vitu hivyo kwa majina ya Kifaransa, na msomaji wa huko hana budi kutuvumilia.

Nguba ni mtaa wa komuni ya Ibanda, upande wa mashariki wa mji wa Bukavu, karibu na mahali ambapo mto Ruzizi unatoka katika Ziwa Kivu na kuwa mpaka wa Kongo na Rwanda. Humo, kama katika mitaa mingine ya mji, mna vyumba vidogo vya uchapaji ambavyo wenyeji huviita secrétariat public. Huchapwa humo barua za kuomba kazi, hati za mauzo ya viwanja, mialiko ya harusi na, hasa mwaka wa masomo unapokaribia kwisha, tasnifu za wanafunzi wa vyuo vya mjini: Taasisi ya Juu ya Ualimu, ijulikanayo kama ISP, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu, Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu na vinginevyo. Mwanafunzi huja na daftari lililoandikwa kwa mkono na flashi mfukoni. Mchapaji huketi kwenye mashine, au mwanafunzi huketi mwenyewe ili kupunguza gharama. Baada ya saa moja ameketi mtu mwingine. Tunataka kuuliza: mashine ya namna hiyo, ikiambiwa ijifunze mazoea ya mtumiaji wake, itajifunza nini?

2. Wazo lenyewe na safari yake

Msingi wa wazo hili ni ukweli ambao wanaisimu wanaufahamu vema kutokana na kazi ya George Kingsley Zipf kuhusu maneno ya lugha: maneno machache hutumiwa mara nyingi mno, na mengi sana hutumiwa kwa nadra. Amri za kompyuta nazo hufuata mwenendo huo. Programu ya kuandikia ina mamia ya amri, lakini mchapaji wa barua huhitaji chache tu kwa siku nzima: fungua, hifadhi, nakili, bandika, koza herufi, weka katikati, chapisha. Ikiwa ndivyo, kwa nini hizo chache zisiletwe mbele, nyingine zikawekwa nyuma?

Mwaka 1985 Saul Greenberg na Ian Witten wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, walieleza jaribio la kitabu cha simu cha kompyuta ambamo majina yaliyotafutwa mara nyingi yalifikiwa kwa hatua chache zaidi. Watumiaji walifanya kazi upesi kuliko walipotumia orodha isiyobadilika. Hata hivyo, mwaka 1989 Jeffrey Mitchell na Ben Shneiderman walilinganisha menyu ambazo amri zake hupanda na kushuka kwa kadiri zinavyotumiwa na menyu ambazo hazibadiliki, wakaona kwamba mwanzoni zile zilizotulia ndizo zilizokuwa na kasi zaidi, na ndizo zilizopendwa na wengi.

Matokeo haya mawili yanaonekana kupingana, lakini kwa maoni yetu hayapingani. Hakuna anayekariri mahali pa kila jina katika kitabu kikubwa cha simu; kila mara ni lazima atafute kwa macho, basi njia ikifupishwa anapata faida. Menyu fupi ni jambo jingine. Baada ya siku chache jicho halisomi tena, mkono unakwenda wenyewe. Amri ya kuhifadhi iko pale pale ilipokuwa jana, na mkono unajua. Mashine ikiihamisha kwa nia ya kusaidia, inaharibu ujuzi ambao mtumiaji alikuwa amekwisha kuupata. Ni kama watu wawili wanaokutana kwenye kijia chembamba cha mteremko: huyu anapisha kulia, na yule, kwa adabu ile ile, anapisha upande huo huo, wote wawili wanabaki wamesimama.

Andrew Sears na Shneiderman walipendekeza suluhisho mwaka 1994: menyu iliyogawanywa, ambayo huweka amri chache zinazotumiwa sana juu, pekee, na kuziacha zile nyingine katika utaratibu wake wa kudumu. Walipima na kukuta kwamba muda wa kuchagua ulipungua kwa kati ya asilimia 17 na 58. Siri ya ufanisi huo ni kwamba sehemu kubwa ya menyu haikuguswa.

Makampuni hayakwenda polepole hivyo. Kuanzia mwaka 1993 Eric Horvitz na wenzake katika kitengo cha utafiti cha Microsoft walishughulika na mradi ulioitwa Lumière, uliotumia hesabu za uwezekano ili kukisia mtumiaji anataka kufanya nini na kama anahitaji msaada. Sehemu ya kazi hiyo iliingia katika Office 97 kwa sura ya msaidizi ambaye wengi wanamkumbuka kama kibanio cha karatasi chenye macho. Jambo lisilojulikana sana ni kwamba bidhaa iliyouzwa haikuchukua ile sehemu ya utafiti iliyokusudiwa kuhifadhi kumbukumbu ya kila mtumiaji kutoka siku moja hadi nyingine. Msaidizi yule alimkuta mtu aliyeandika barua elfu moja, akamuuliza kama angependa kufundishwa kuandika barua. Katika toleo la mwaka 2001 alizimwa tangu mwanzo, na katika Office 2007 aliondolewa kabisa.

Office 2000 ilileta menyu zilizoficha amri zisizotumiwa. Mtumiaji alifungua menyu akaona nusu yake. Ili aone zilizobaki alipaswa kungoja kidogo au kubofya mishale iliyokuwa chini. Wanaofundisha kompyuta watakumbuka jinsi kila mashine darasani ilivyoonyesha menyu tofauti, mwalimu akisema "amri ya tano" na kila mwanafunzi akisoma neno lake. Mpango huo nao ulikoma Office ilipobadilishwa sura mwaka 2007. Leah Findlater na Joanna McGrenere wa Chuo Kikuu cha British Columbia walikuwa wamekwisha kuonyesha mwaka 2004 kwamba menyu inayojibadili yenyewe ilikuwa na kasi ndogo kuliko iliyotulia, na kwamba wengi wa waliojaribiwa walipendelea menyu ambayo mtumiaji mwenyewe huipanga apendavyo.

Tofauti hiyo ni muhimu. Kuna kiolesura kinachojirekebisha, na kuna kiolesura kinachorekebishika. Katika cha kwanza mashine ndiyo mtenda. Katika cha pili ni mtu. Mwaka 1997 Shneiderman alikabiliana hadharani na Pattie Maes wa MIT juu ya jambo hili: Maes alitetea programu-wakala zinazojifunza na kutenda kwa niaba ya mtu, Shneiderman alisisitiza kwamba mtu asinyang'anywe usukani. Ubishi huo haujakwisha, ila leo umehamia zaidi kwenye simu na mitandao.

3. Kibodi: mahali ambapo Kiswahili huumia kuliko Kifaransa

Tukirudi Nguba, tatizo la kwanza la mazoea haliko kwenye menyu bali kwenye vidole. Elimu ya Kongo imejengwa juu ya Kifaransa, na mchapaji aliyejifunza kazi kwa mashine za taipureta au kwa kompyuta za shuleni amezoea mpangilio wa herufi unaoanza na A-Z-E-R-T-Y. Lakini kompyuta nyingi zilizokwisha kutumika, zinazonunuliwa Dubai, Kampala au Kigali, huja na kibodi ya Kiingereza, Q-W-E-R-T-Y. Tofauti ya mipangilio hii miwili, kwa upande wa herufi, ni ndogo: A na Q zimebadilishana nafasi, Z na W vivyo hivyo, na M imehama kutoka safu ya chini kwenda kuume kwa L, mahali ambapo kibodi ya Kiingereza ina nukta-mkato.

Msomaji na aziangalie herufi hizo kwa jicho la mwanasarufi wa Kiswahili. A ndiyo herufi inayojitokeza mara nyingi kuliko zote katika maandishi yetu. M na W na Z ni uti wa mgongo wa ngeli: m-, wa-, mwa-, ma-, za, wa, vya watu, vya miti, vya mawe. Mtu mwenye vidole vya Kifaransa akiandika mwaka kwenye kibodi ya Kiingereza bila kutazama, kioo kinamwonyesha ;zqkq. Akiandika wazazi wangu anapata zqwqwi zqngu. Mfaransa naye anaumia, lakini si kwa kiasi hicho, kwa sababu W katika lugha yake haitokei ila katika maneno machache ya kigeni. Kwa hiyo hitilafu ya kibodi, inayochukuliwa kuwa kero ndogo katika vitabu vya Ulaya, inaipiga sarufi ya Kiswahili penye mfupa.

Windows huruhusu mipangilio kadhaa ya kibodi katika mashine moja, na mtu hubadilisha kwa kubonyeza vitufe viwili. Hapo ndipo mikono mingi inapokutana. Mchapaji hodari, asiyetazama vidole, huiambia mashine ijifanye ya Kifaransa, naye hajali kilichoandikwa juu ya vitufe. Akiondoka, anakuja mwanafunzi anayechapa kwa macho, kidole kimoja kimoja. Anabonyeza kitufe kilichoandikwa Q anapata A, anadhani mashine imeharibika. Marekebisho yaliyomfaa wa kwanza ni uharibifu kwa wa pili. Wenye vyumba wengine hubandika vijikaratasi vyenye herufi za Kifaransa juu ya vitufe, mpaka jasho na vumbi vinapoviondoa.

Je, mashine haiwezi kutambua yenyewe? Inaweza, na si kwa uchawi. Wapo Warusi ambao kwa miaka mingi wametumia programu iitwayo Punto Switcher, inayotambua kwamba mtu anaandika Kirusi huku kibodi ikiwa ya Kilatini, ikabadilisha mpangilio na kusahihisha neno. Njia yake ni hesabu ya uwezekano. Mashine inaanza bila upendeleo: huenda mkono huu ni wa Kifaransa, huenda ni wa Kiingereza. Kila herufi inayoingia hupima mizani. Katika Kiswahili q haipo kabisa, na nukta-mkato haikai mwanzoni mwa neno. Zikionekana mbili hizo katika neno moja, mizani imeanguka upande mmoja, na mashine inaweza kusahihisha kabla mwandishi hajafika neno la pili. Kwa Kifaransa hesabu ni ngumu zaidi, kwa kuwa lugha hiyo ina q nyingi halali. Ni mojawapo ya nafasi chache ambapo Kiswahili kinairahisishia kompyuta kazi kuliko lugha zilizoiunda.

Hata hivyo, mpaka uwekwe. Mahali pa neno la siri herufi hazionekani, ila nukta nyeusi tu. Mashine ikibadilisha mpangilio hapo kimyakimya, mtu anafungiwa nje ya barua zake asijue sababu. Marekebisho yasiyoonekana yasifanywe mahali ambapo mtumiaji hana njia ya kuyaona.

4. Mazoea ya nani?

Katika Kiswahili sanifu mazoea huonyeshwa kwa kiambishi hu-. Tunasema husoma asubuhi, hufunga mlango. Kiambishi hicho kina tabia inayojulikana: kinafuta kiambishi cha nafsi. Katika husoma hatujui kama ni mimi, wewe au wao, mpaka nomino au kiwakilishi kitaje mtenda, au muktadha utusaidie. Kiswahili cha Bukavu, kama Kiswahili cha sehemu nyingine za Kongo, kina njia nyingine. Kinaongeza mwishoni mwa kitenzi kiambishi kinachofanana na kile cha lugha nyingi za Kibantu za ukanda wa maziwa, -aga katika Kinyarwanda kwa mfano, nacho husema anasomaka, tunasomaka. Nafsi inabaki mahali pake. Anasomaka ni mazoea yenye mwenyewe.

Tunaomba radhi kwa wale wanaoiona lahaja hiyo kama makosa ya kusahihishwa. Kwa mada hii inasema wazi kuliko sanifu. Programu inayohesabu mibofyo katika mashine ya pamoja inajifunza mazoea ya aina ya hu-: faili hizi hufunguliwa, amri hizi hutumiwa. Na nani? Haijui. Inachanganya mchapaji wa mialiko, mwanafunzi wa uchumi mwenye majedwali, mama aliyekuja kuchapisha picha za mwanawe na mchungaji mwenye ratiba ya ibada, na kutoka kwao inatengeneza mtu wa wastani ambaye hayupo. Menyu iliyopangwa kwa ajili ya mtu huyo haimfai yeyote kati yao. Kinachotakiwa ni hesabu ya aina ya -aka.

Watengenezaji wa mifumo watajibu kwamba jambo hili lilikwisha kutatuliwa: kila mtu afunguliwe akaunti yake katika mashine. Ni kweli kwa ofisi yenye watumishi sita. Kwa chumba chenye wateja wapya kila saa, na umeme unaoweza kukatika kabla mtu hajamaliza kuandika jina lake, hakuna atakayefungua akaunti kwa ajili ya kurasa mbili. Tumeona, katika vyumba vya namna hii, akaunti moja tu isiyo na neno la siri, na kila kitu ndani yake.

5. Kutabiri neno: kwa nini marudio hayatoshi

Aina nyingine ya kujirekebisha ni ile ya kukisia neno kabla halijamalizika. Mashine hukumbuka maneno uliyokwisha kuandika, na ukianza herufi mbili tatu inakupendekezea lililobaki. LibreOffice Writer hufanya hivyo, na simu za mkononi zimeieneza desturi hiyo kila mahali. Kwa Kifaransa au Kiingereza mtindo huu wafaa kiasi, kwa sababu maumbo ya kila neno ni machache na yanarudiarudia.

Kitenzi cha Kiswahili hakikubali. Tufanye hesabu ya kijuujuu. Chukua shina moja, andika. Mbele yake kuna takriban viambishi 15 tofauti vya mtenda, tukijumlisha nafsi na ngeli. Tuchukue njeo na hali tano tu: -na-, -li-, -ta-, -me-, -ki-. Nafasi ya mtendwa nayo ina takriban viambishi 15, pamoja na uwezekano wa kuachwa wazi, yaani 16. Mara hizo zote ni maumbo 1,200, hata kabla hatujagusa ukanushi, urejeshi au minyambuliko: andikia, andikwa, andikisha, andikiana. Bila shaka mengi ya hayo hayana matumizi, lakini yanayobaki yanatosha kuilemea kumbukumbu inayohesabu maneno mazima. Mwanafunzi aliyeandika tulivyowaandikia katika ukurasa wa 3 huenda asiliandike tena mpaka ukurasa wa mwisho. Mashine imelihifadhi bure.

Mazoea ya mwandishi wa Kiswahili hayako katika neno zima, yako katika vipande vyake. Mwandishi wa tasnifu ya historia hupenda -li- na -ka-. Mwandishi wa taratibu za maabara hupenda hu- na -ki-. Mashine ikijua kugawa neno katika mofimu, inaweza kujifunza hayo kutoka katika kurasa chache tu. Ujuzi wa kugawa upo. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza mwaka 1985 kutunga kichanganuzi cha mofolojia ya Kiswahili kilichoitwa SWATWOL, na mwaka 1992 alikieleza katika Nordic Journal of African Studies. Kichanganuzi cha aina hiyo kikiunganishwa na kitabiri, faida yake itazidi vitenzi. Mwandishi akiisha kuandika vitabu, mashine inajua kwamba yanayokuja yana uwezekano mkubwa wa kuanza na vi-, vya, hivi, vyote. Upatanisho wa kisarufi, unaowatesa wanafunzi wa kigeni, kwa mashine ni zawadi.

Mambo haya hayakutiliwa maanani kiolesura kilipofasiriwa kwa Kiswahili. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na Wasweden, kilitoa Jambo OpenOffice, na Microsoft nayo ikatoa tafsiri yake katika miaka iliyofuata. Zilikuwa kazi za kuheshimiwa, na istilahi nyingi tunazozitumia hapa zilipata uhai kwazo. Lakini kufasiri maneno ya menyu si kuifundisha mashine jinsi Mswahili anavyoandika. Huko Bukavu, ambako wengi huacha menyu katika Kifaransa, tafsiri hizo hazikugusa shida ya kila siku: maandishi ya Kiswahili yaliyopigiwa mistari myekundu kutoka juu hadi chini kwa sababu kikagua-tahajia kinadhani ni Kifaransa kibovu. Mchapaji anapochoka anazima ukaguzi wote, na makosa ya kweli yanapita pamoja na yale ya uongo.

6. Orodha inayosema

Kuna upande wa jambo hili ambao hauhusu kasi. Mashine inayojifunza mazoea inaweka kumbukumbu, na kumbukumbu inasomeka. Orodha ya faili zilizofunguliwa karibuni ni kiolesura kinachojirekebisha cha aina rahisi kuliko zote, na chenye manufaa ya kweli. Lakini katika chumba cha uchapaji orodha hiyo humwonyesha mteja wa sasa majina ya kazi za waliomtangulia: maswali ya mtihani ambayo profesa aliyachapisha jana, barua ya mke kwa wakili, malalamiko dhidi ya mkuu wa kazi. Kivinjari cha Firefox, tangu toleo lake la 3 la mwaka 2008, hupanga anwani kwa kuchanganya wingi na upya wa matembezi; mtu akiandika herufi moja tu, yanajitokeza yale ambayo mwenzake aliyasoma asubuhi.

Bukavu ni mji ulioingiwa na majeshi mwaka 1996, 1998, 2004 na 2025. Kila mara wenyeji walilazimika kukumbuka ni karatasi gani ziko wapi, na nani aliandika nini chini ya utawala uliotangulia. Karatasi huchomwa. Orodha iliyo ndani ya mashine ya mtu mwingine, mwandishi wake hajui hata kwamba ipo. Wanaobuni mifumo hii huita jambo hilo faragha, na hulijadili kana kwamba hatari yake ni matangazo ya biashara.

7. Yanayowezekana sasa

Kwa chumba chenye mashine tatu na wachapaji wawili, akaunti zinaweza kuwa nne: moja kwa kila mchapaji, moja ya wateja wanaochapa kwa macho, na moja ya msimamizi. Akaunti ya wateja iwekewe mpangilio wa kibodi unaolingana na herufi zilizoandikwa juu ya vitufe, orodha ya faili za karibuni izimwe, kivinjari kiwekwe kisihifadhi historia. Hapo mashine haitajifunza lolote, na ndivyo inavyofaa. Akaunti za wachapaji ziachwe zijifunze, maana mchapaji ni yule yule kila siku.

Kwa mwanafunzi anayeandika tasnifu ndefu na kuhama kutoka chumba hadi chumba, mazoea yake na yasafiri naye. LibreOffice ina toleo la kubebeka, ambalo huwekwa kwenye flashi pamoja na mipangilio yote ya mwenyewe: njia za mkato, vibonyezo alivyovipanga, kamusi yake binafsi. Akiichomeka katika mashine yoyote ya Windows, anakuta meza yake kama alivyoiacha. Kasoro iko moja kubwa: flashi inayozunguka vyumba vingi huokota virusi, na programu zilizomo ndani yake huwa za kwanza kuambukizwa.

Kamusi binafsi, kinyume chake, ni faili nyepesi ya maandishi matupu, neno moja kila mstari. Inaweza kutumwa kwa barua-pepe, kuchapishwa na kusomwa, kuunganishwa na ya mwenzake. LibreOffice tayari ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili, ila majina ya mahali, ya koo, ya mimea na ya vyakula vya Kivu hayamo. Darasa moja la wanafunzi thelathini, kila mmoja akileta maneno ambayo mashine ilimpigia mstari mwekundu bila haki, lingepata orodha ya maelfu katika muhula mmoja. Maneno yaliyoletwa na zaidi ya watu watatu yangeingizwa katika kamusi ya pamoja. Yaliyoletwa na mmoja yangengoja. Ng'ombe angehitaji kushughulikiwa mapema, kwa sababu kikagua-tahajia kilichozoea l'ami na d'abord huwa tayari kuikata ng' na kuliacha ombe peke yake, na katika kibodi ya Kifaransa ile alama ya ritifaa iko kwenye kitufe cha 4, mahali ambapo mwanafunzi anayechapa kwa macho kwenye kibodi ya Kiingereza hataitafuta kamwe.